Safari ya sampuli: kwa nini majibu ya kipimo huamuliwa kabla kijiti hakijafika maabara

Na Mwandishi Wetu, Songea

MKAZI wa Kata ya Mfaranyaki, Manispaa ya Songea, anapofika kituo cha afya akiwa na kidonda kisichopona, koo linalouma au kuhara kusikokoma, mhudumu anaweza kumchukua sampuli kwa kutumia kijiti chembamba chenye nyuzi laini kwenye ncha, ambacho wahudumu wa afya hukiita swabu. Kazi hiyo humalizika kwa muda mfupi sana. Lakini kinachofuata, ambacho mgonjwa hakioni, ndicho kinachoamua iwapo majibu atakayopewa siku mbili au tatu baadaye yatakuwa ya kweli.

Wataalamu wa maabara wanakubaliana kuwa sehemu kubwa ya makosa ya vipimo haitokei kwenye mashine wala mbele ya darubini. Hutokea kabla ya hapo: wakati wa kuchukua sampuli, kuiandika jina, kuihifadhi na kuisafirisha. Sampuli iliyoharibika njiani haiwezi kurekebishwa na mashine ya kisasa wala na mtaalamu bingwa. Makala haya yanaeleza nini hutokea katika safari hiyo, na kwa nini mwananchi naye ana sehemu yake katika kuilinda.

Kijiti kinabeba viumbe hai

Tofauti na vipimo vingi vya damu vinavyopima kiasi cha sukari, chumvi au wingi wa damu, sampuli ya swabu kwa kawaida huchukuliwa ili kumtafuta kiumbe anayesababisha ugonjwa. Anaweza kuwa bakteria, virusi au fangasi. Kwa upande wa bakteria, maabara huhitaji kumpata akiwa hai, kwa kuwa kipimo chenyewe ni kumwotesha katika sahani yenye chakula chake, kumtambua kwa jina, kisha kumjaribu kwa dawa mbalimbali ili kujua ni dawa ipi inayomuua na ipi aliyokwisha kuizoea.

Kwa upande wa virusi, vipimo vingi vya sasa hutafuta vinasaba vyake. Hapa si lazima kirusi kiwe hai, lakini vinasaba hivyo navyo huvunjika vinapokaa katika joto kwa muda mrefu. Kwa hiyo, iwe ni bakteria au virusi, saa inaanza kuhesabu mara tu kijiti kinapotoka mwilini mwa mgonjwa.

Hatari mbili njiani

Hatari ya kwanza ni kufa kwa kimelea. Kijiti kikavu kilichoachwa mezani hunyauka ndani ya muda mfupi, na bakteria dhaifu hufa pamoja na unyevu huo. Maabara itaotesha sampuli, haitapata kitu, na majibu yataandikwa kuwa hakuna kimelea kilichoota. Mgonjwa ataambiwa hana maambukizi ilhali kidonda kinaendelea kuoza.

Hatari ya pili ni kinyume cha hiyo, na pengine ndiyo isiyofahamika zaidi. Ngozi, kinywa na utumbo wa binadamu vina bakteria wengi wasio na madhara ambao huishi humo siku zote. Kijiti kinapogusa kidonda huwabeba na hao. Katika mazingira mazuri ya joto na chakula, baadhi ya bakteria wa utumbo huweza kugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20. Kwa hesabu hiyo, bakteria mmoja huweza kuzaa kizazi cha zaidi ya 32,000 ndani ya saa tano. Sampuli iliyokaa mchana kutwa kwenye joto huweza kufika maabara ikiwa imejaa wageni hao, huku kimelea halisi cha ugonjwa kikiwa kimemezwa katikati yao. Mtaalamu ataripoti alichokiona, na daktari ataandika dawa ya kumtibu kiumbe asiyehusika.

Majibu ya uongo ya aina zote mbili yana gharama. Mgonjwa hulipia dawa isiyomsaidia, hukaa wodini muda mrefu zaidi, na katika maambukizi makali huweza kupoteza kiungo au maisha.

Rojo linalomhifadhi kimelea bila kumlisha

Tatizo hili si geni. Katika miaka ya 1940, mtafiti R. D. Stuart wa Glasgow, Uingereza, alikabiliwa na changamoto ya sampuli za kisonono zilizokuwa zikichukuliwa katika kliniki zilizokuwa mbali na maabara na kufika zikiwa zimekufa. Alitengeneza rojo lenye chumvi kidogo na lisilo na chakula cha kutosha, ambalo kijiti hutumbukizwa ndani yake mara baada ya kuchukua sampuli. Mwaka 1967, C. R. Amies wa Kanada aliboresha rojo hilo, na toleo lake lililotiwa mkaa hunyonya sumu zinazoweza kuua bakteria dhaifu, zikiwamo zile zinazotoka kwenye pamba yenyewe ya kijiti.

Kwa magonjwa ya kuhara, rojo linalotumika zaidi ni Cary-Blair, lililoelezwa mwaka 1964 na watafiti Sylvia Cary na Eugene Blair. Rojo hilo lina hali ya nyongo badala ya tindikali, jambo linalomfaa sana kimelea cha kipindupindu, ambacho huweza kuishi humo kwa siku nyingi.

Siri ya marojo haya yote ni moja: yanampa kimelea unyevu na mazingira tulivu ili asife, lakini yanamnyima chakula ili asizaliane, yeye na wageni walioambatana naye. Sampuli hufika maabara ikifanana iwezekanavyo na ilivyokuwa ilipotoka kwa mgonjwa. Hata hivyo, rojo halisimamishi saa. Kwa sampuli nyingi za bakteria, inashauriwa kijiti kifike maabara ndani ya saa 24, na kisizidi saa 48.

Kwa virusi hutumika kimiminika kingine maalumu chenye dawa za kuzuia bakteria na fangasi wasiote. Ni kosa kukitumia kwa sampuli ya bakteria, kwa sababu dawa hizo zitamuua kimelea anayetafutwa. Aidha, vijiti vyenye mpini wa mti au ncha ya alijineti ya kalisi havifai kwa vipimo vya vinasaba, kwani huweza kuzuia kipimo kufanya kazi. Ndiyo maana vituo hutakiwa kuwa na vijiti vya nyuzi za sintetiki vyenye mpini wa plastiki kwa ajili ya vipimo hivyo.

Si kila sampuli huwekwa kwenye ubaridi

Wapo wanaoamini kuwa sampuli yoyote ikishawekwa kwenye jokofu iko salama. Imani hiyo ina ukweli nusu tu.

Swabu za virusi, kama zile za UVIKO-19, mafua makali au Mpox, huhitaji ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8 mapema iwezekanavyo. Kwa magonjwa ya njia ya hewa, zisipoweza kufika maabara ndani ya saa 72, hugandishwa katika nyuzijoto 70 chini ya sifuri. Jambo la kuepukwa ni kuzigandisha na kuziyeyusha mara kwa mara, kwani kila mara vinasaba vinaharibika zaidi.

Kimelea cha kisonono, kwa upande mwingine, huchukia baridi. Kijiti chenye sampuli yake hubaki katika joto la kawaida la chumba na kuharakishwa. Hali ni hiyo hiyo kwa kimelea kinachosababisha homa ya uti wa mgongo: maji ya uti wa mgongo yanayopelekwa kuoteshwa hayawekwi kwenye jokofu hata kidogo.

Sampuli ya kipindupindu iliyo ndani ya Cary-Blair husafirishwa salama bila barafu. Lakini iwapo daktari anashuku kuhara damu kunakosababishwa na bakteria wa shigela, ubaridi unahitajika, kwa kuwa kimelea huyo hufa haraka. Ndiyo maana fomu ya kipimo inayoeleza dalili na ugonjwa unaoshukiwa ni sehemu ya uhifadhi wa sampuli. Fomu isiyojazwa humwacha mtu wa usafirishaji bila kujua afanye nini.

Mahali hapa Songea panastahili kutajwa kwa namna yake. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na una miezi ya baridi kali katikati ya mwaka. Sampuli inayotoka Mbamba Bay, pwani ya Ziwa Nyasa, hutoka katika joto la bondeni na kupanda milima ya Mbinga kabla ya kufika mjini. Hivyo si sahihi kukadiria hali ya sampuli kwa hali ya hewa ya Songea pekee. Kipimajoto ndani ya boksi la kusafirishia ndicho kinachosema ukweli.

Sampuli njema huanza mkononi mwa mhudumu

Uhifadhi mzuri hauwezi kuokoa sampuli iliyochukuliwa vibaya. Kanuni ya kwanza ni kuichukua kabla mgonjwa hajaanza dawa za kuua bakteria, kwa sababu hata vidonge vichache huweza kumdhoofisha kimelea asiote maabara huku akiendelea kudhuru mwilini.

Kwa kidonda, mhudumu hukisafisha kwanza kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa ili kuondoa uchafu na usaha wa juu, kisha kijiti hubanwa kwenye nyama hai ya ndani. Kupangusa usaha wa juu huleta bakteria wa ngozi badala ya wale wa ugonjwa. Palipo na jipu, usaha unaovutwa kwa sindano, au kipande cha nyama, ni bora kuliko kijiti. Kwa koo, kijiti hugusa tezi za pande mbili na ukuta wa nyuma bila kugusa ulimi wala mashavu. Kwa kuhara, kijiti huloweshwa kwanza ndani ya rojo, huingizwa kwenye njia ya haja kubwa sentimita mbili hadi tatu, na huzungushwa taratibu. Kijiti kisichokuwa na alama ya kinyesi kina nafasi ndogo ya kutoa majibu ya maana.

Kisha kuna jina. Chupa huandikwa mbele ya mgonjwa: jina kamili, namba ya faili, sehemu ya mwili ilipotoka sampuli, tarehe na saa. Sampuli isiyo na jina, au yenye jina lisilolingana na fomu, hukataliwa na maabara. Kukataliwa huko humwudhi mgonjwa aliyesubiri, lakini humlinda dhidi ya kupewa majibu ya mtu mwingine.

Tabaka tatu za usalama

Sampuli ikiwa njiani inaweza kumwambukiza dereva, karani wa mizigo au abiria endapo itavuja. Kwa sababu hiyo, kanuni za kimataifa zinataka ifungwe kwa tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni chupa yenyewe, isiyovuja, iliyofungwa vizuri. Chupa hiyo huzungushiwa nyenzo ya kunyonya maji inayotosha kufyonza kimiminika chote iwapo itapasuka. Tabaka la pili ni mfuko au kopo lingine lisilovuja. Tabaka la tatu ni boksi gumu la nje.

Kwa sampuli za kawaida za uchunguzi, boksi hubandikwa alama yenye umbo la almasi iliyoandikwa UN3373, na kifungashio hutakiwa kuhimili kuangushwa kutoka kimo cha mita 1.2. Sampuli zinazoshukiwa kuwa na vimelea hatari zaidi huingia daraja la juu lenye masharti makali zaidi na watu waliofunzwa mahususi kuzishughulikia.

Fomu za mgonjwa hazifungwi pamoja na chupa. Huwekwa nje ya tabaka la pili, ili chupa ikivuja karatasi zisiharibike na mpokeaji asishike karatasi zenye maambukizi. Vipande vya barafu navyo huwekwa nje ya tabaka la pili, visigusane moja kwa moja na sampuli.

Umbali ni sehemu ya kipimo

Mkoa wa Ruvuma ni mpana. Kutoka Mbamba Bay hadi Songea ni zaidi ya kilomita 150, na kutoka Tunduru ni zaidi ya kilomita 250. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam, iliko Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, ni zaidi ya kilomita 900 kupitia Njombe na Makambako.

Kwa mkazi wa Mfaranyaki, aliye ndani ya mji, hatua ya kwanza ya safari ni fupi. Lakini kipimo kinachohitaji maabara ya juu zaidi humlazimu naye kuingia katika mnyororo huo mrefu. Ndiyo sababu huduma za afya nchini hutumia utaratibu wa vituo vidogo kupeleka sampuli katika kituo kikubwa cha karibu, na kutoka hapo sampuli hukusanywa na kusafirishwa kwenda ngazi ya juu, yakiwamo mabasi na huduma ya usafirishaji wa haraka ya Shirika la Posta. Kila anayepokea boksi huandika saa aliyolipokea na hali alivyolikuta. Kumbukumbu hiyo huiwezesha maabara kuamua kama sampuli bado inafaa.

Mafunzo kutoka Lindi na Kagera

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi wakati wa mlipuko. Julai 2022, katika Wilaya ya Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi, watu waliugua homa iliyoambatana na kutokwa damu puani. Hofu ilikuwa kubwa. Sampuli zilipopimwa zilionesha kuwa haikuwa Ebola, Marburg wala UVIKO-19. Julai 18, Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ulikuwa ugonjwa wa homa ya mgunda, unaosababishwa na bakteria na unaotibika kwa dawa zilizopo. Hadi wakati huo wagonjwa walikuwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia. Bila sampuli zilizofika salama, tiba ingebaki kubahatisha na uvumi ungetawala.

Mkoani Kagera, ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Machi 2023, na ukajitokeza tena Januari 2025 katika Wilaya ya Biharamulo. Katika tukio la pili, maabara inayohamishika iliyopo Kabaile, mkoani humo, ilifanya vipimo, kisha uthibitisho ukafanyika Dar es Salaam. Kuileta maabara karibu na mgonjwa ni njia mojawapo ya kufupisha safari ya sampuli. Katika magonjwa ya aina hiyo, mtu anapofariki kwa dalili za kutiliwa shaka, swabu ya kinywa huchukuliwa na wataalamu wenye mavazi ya kujikinga kabla ya mazishi. Familia zinazoruhusu kazi hiyo huwalinda waombolezaji wenyewe.

Dawa zinazoshindwa

Sababu nyingine ya kuilinda sampuli ni usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Tanzania ilianza kutekeleza mpango kazi wa kitaifa wa kukabiliana na tatizo hili mwaka 2017, na mpango wa pili unaanzia 2023 hadi 2028.

Daktari asiyekuwa na majibu ya kuotesha hulazimika kutumia dawa kwa makisio, mara nyingi dawa kali kuliko inayohitajika. Kila makisio humfundisha kimelea namna ya kustahimili. Kijiti kimoja kilichochukuliwa na kusafirishwa vizuri huweza kumwokoa mgonjwa huyo leo, na pia kuwaambia wataalamu wa mkoa ni dawa zipi bado zinafanya kazi kwa wananchi wao.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi hana budi kumweleza mhudumu dawa zote alizokwisha kutumia kabla ya kuchukuliwa sampuli, zikiwamo zile alizonunua dukani bila cheti na zile za asili. Haifai kuficha. Taarifa hiyo huandikwa kwenye fomu na hubadilisha namna majibu yanavyosomwa.

Ahakikishe jina lake limeandikwa sawasawa kwenye chupa kabla hajaondoka, na aache namba ya simu inayopatikana. Akiombwa kupeleka sampuli mwenyewe katika kituo kingine, aipeleke moja kwa moja ikiwa ndani ya kifungashio alichopewa, bila kuifungua, bila kuipitisha sokoni na bila kuiacha kwenye jua. Aulize wazi: iwekwe kwenye baridi au isiwekwe?

Akiambiwa sampuli imekataliwa na inabidi ichukuliwe nyingine, asione kuwa ameonewa. Maabara inayokataa sampuli mbovu inafanya kazi yake. Pia ana haki ya kueleweshwa sababu, na ana haki ya siri: taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na majibu yake si ya kusomwa na mtu yeyote kaunta.

Mwisho, arudi kuchukua majibu. Kidonda huweza kuonekana kimepungua ilhali dawa inayotumika si sahihi. Mwenye kuona dalili zisizo za kawaida katika familia au mtaa wake atoe taarifa kwa mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, kituo cha afya kilicho karibu, au apige simu namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Taarifa ikitolewa mapema, sampuli nayo huchukuliwa mapema, na safari yake kwenda maabara huanza kimelea angali anaweza kutambuliwa.